Samaki anayeganda kikaangoni: jibu kwa kijana wa Kisauni

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Kisauni, naishi peke yangu, kazi yangu iko mjini. Nikitoka saa kumi na mbili, nikishavuka daraja la Nyali nanunua samaki njiani, mara changu, mara tafi. Nikifika nyumbani nataka nikaange, nile, nilale. Lakini kila siku ngozi inabaki kwenye kikaango, samaki anavunjika vipande, na mara nyingine nje ameungua na ndani kwenye uti bado ana damu. Jirani akaniambia nimpake unga mwingi, nikaishia na uji. Natumia jiko la gesi la mtungi mdogo na kikaango chepesi cha aluminiamu. Nakosea wapi? Na inawezekana kweli kula samaki mzuri kabla ya saa mbili?"

Marahaba mwanangu. Inawezekana, na hutahitaji kununua kitu. Samaki wako anaingia kwenye mafuta akiwa na maji, basi. Karibu mengine yote uliyoniandikia, ngozi kubaki, kuvunjika, hata ule uji wa jirani, yanatoka hapo.

Najua utaniambia umemchuja. Kuchuja si kukausha. Nilikaanga samaki barazani miaka kumi na minane kabla ya kuingia jikoni kwa watu, na kila msichana aliyekuja kunisaidia nilimpa kazi moja wiki ya kwanza: kitambaa. Hashiki mwiko, hasogelei karai. Anakausha samaki, ananiletea, namrudishia, anakausha tena. Wengine walinuna. Mmoja sasa ana wateja wengi kuliko niliokuwa nao mimi.

Sababu yake ni hii. Maji yakifika nyuzi 100 yanageuka mvuke, hayapandi zaidi ya hapo. Ngozi ya samaki nayo haianzi kuwa ya kahawia na kukakamaa mpaka ifike kama nyuzi 140. Kwa hiyo maadamu kuna maji juu ya ngozi, moto wako wote unakwenda kuyachemsha, na samaki anachemka badala ya kukaangika. Wakati huo huo ile ngozi mbichi imelala juu ya chuma cha moto, na protini mbichi ikikutana na chuma cha moto inakishika. Wewe unakuja na mwiko dakika ya pili, una njaa, unamgeuza. Hapo humgeuzi, unamng'oa. Samaki mkavu akiingia kwenye mafuta yaliyopata moto anafanya ukoko mapema, na ukoko ukishakamilika unaachia chuma wenyewe, bila ugomvi.

Sasa nikuoneshe namna ya kumkausha, maana hapa ndipo watu wanaponidanganya. Chukua changu mmoja wa robo kilo au zaidi kidogo. Muuzaji ameshampaa magamba na kumtoa matumbo, lakini usimwamini sana. Pitisha kidole kuanzia mkiani kwenda kichwani, utakuta magamba yamebaki chini ya pezi na kwenye koo. Fungua tumbo: kuna utando mweusi na mstari wa damu iliyoganda chini ya uti. Ukwangue kwa ncha ya kijiko, kwa sababu ile harufu ambayo watu wanaifukuza kwa ndimu tatu inatoka humo. Msuuze haraka, usimwache akiogelea kwenye beseni. Kisha mfute kwa kitambaa safi au karatasi za jikoni: ubavu wa kwanza, wa pili, ndani ya tumbo, ndani ya mashavu, chini ya kila pezi. Tumbo ndilo linalosahaulika. Likibaki na maji, dakika ya tatu yanatoka yote kwa mpigo na mafuta yanakurukia mkononi. Usitumie gazeti. Wino wa gazeti si kiungo.

Halafu chumvi. Nyunyiza nusu kijiko cha chai, nje na ndani, umwache dakika kumi na tano. Utaona matone yanamtoka kama jasho. Chumvi inayavuta maji, ndiyo kazi yake hapo. Wengi wakifika hapa wanamchukua na jasho lake wanamtia kwenye mafuta, na kazi yote ya mwanzo imepotea. Mfute tena. Kama una feni, mweke mbele yake dakika tano. Ngozi iliyokauka vizuri ukiigusa inanata kidogo kwenye kidole, haitelezi. Hapo yuko tayari. Hana haraka yoyote, haraka ni yako, na dakika hizo kumi na tano una kazi nyingine ya kufanya, nitakuja huko.

Uliuliza kwa nini ndani anabaki na damu. Hilo lina mambo mawili. La kwanza, unamtoa kwenye barafu au friji na kumtia motoni moja kwa moja. Zile dakika za chumvi zitampunguzia ubaridi. La pili, humchanji, au unamchanja kwa woga. Mchanje mara tatu kila ubavu, kwa mshazari, kisu kifike mpaka kwenye mfupa, usikie kimegusa. Michanjo ya juu juu ni urembo. Michanjo ya kufika mfupani inaingiza moto mahali ambapo hauwezi kufika kabla ngozi haijaungua. Kama samaki ni mnene zaidi, mwambie muuzaji ampasue mgongoni amfungue kama kitabu, vile wanavyowapasua wale wa kupaka. Unene unakuwa nusu, na muda vilevile.

Na hiyo michanjo ina faida ya pili ambayo sikuifahamu mpaka nilipokuwa mtu mzima. Sisi tunapenda masala: thomu, tangawizi, pilipili, manjano kidogo, chumvi, vyote vimesagwa. Tunampaka samaki mzima, kisha tunashangaa kikaango kimejaa vitu vyeusi vichungu. Thomu inaungua mapema kuliko ngozi kukauka, na masala yenyewe ni maji mengine tena. Masala yaingie ndani ya michanjo na ndani ya tumbo, uyasukume kwa kidole, kisha ngozi ya nje uifute iwe tupu. Utakula ukoko safi, na ukifika kwenye nyama unakutana na thomu iliyopikwa bila kuungua. Kwa vipande vya nguru, ambavyo havina pa kuficha, paka masala nusu saa kabla, kisha kwangua kwa mgongo wa kisu ubaki utando mwembamba tu. Ladha imeshaingia, usiogope.

Ndimu ni ya mezani. Ukitaka kumpaka kabla, iwe dakika chache, kisha umfute. Akilala na ndimu saa nzima nyama inageuka nyeupe na kulegea kama imeshapikwa, na akiingia kwenye mafuta anapukutika.

Unga wa jirani yako haukuwa wazo baya, uliwekwa mahali pabaya. Unga juu ya samaki mwenye maji ni uji, hilo umeliona mwenyewe. Unga juu ya samaki mkavu ni pazia jembamba linalomaliza unyevu uliobaki. Ukiutaka, mpitishe kwenye unga wa mchele au wa ngano wakati mafuta yameshapata moto, umkung'ute mpaka uone ngozi yake, na aingie hapo hapo. Ukimpaka unga ukaenda kupokea simu, anza upya. Mimi changu simtii unga. Tafi namtia kidogo.

Kwa kuwa umetaja tafi, sikiliza. Miiba ya mapezi yake ina sumu, na ukichomwa utajua umechomwa. Mwache muuzaji ayakate mapezi yote kwa mkasi mbele yako. Ukichomwa, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia bila kujibabua, maumivu yatapungua. Na kwa sababu tafi anakula majani ya baharini, tumbo lake linachacha haraka kuliko la changu. Tafi ambaye saa kumi na mbili jioni bado ana matumbo yake, mwache hapo alipo hata kama bei inakuchekea.

Kununua jioni kuna hila zake kwa jumla. Jicho liwe limejaa na linang'aa, lisiwe limedidimia. Fungua shavu uangalie matamvua, yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza ubavu kwa kidole, nyama irudi. Anuke bahari. Muuzaji akikuzuia kumgusa samaki, umeshapata jibu. Wakati wa kusi, kuanzia kama Aprili mpaka Septemba, bahari inachafuka na madau madogo hayatoki sana, kwa hiyo utakuta wengi waliolala kwenye barafu, na si kosa la mtu. Samaki wa barafu aliyetunzwa ni bora kuliko wa leo aliyekaa juani. Kaskazi ikiingia utachagua upendavyo.

Hilo la juani nalisema nikiwa na kovu lake. Mwaka mmoja, joto la Februari, nilinunua kipande cha jodari kwa mchuuzi aliyekuwa amekaa nacho tangu asubuhi bila hata donge la barafu. Hakikuwa na harufu mbaya. Nilikaanga vizuri, wallahi kilikuwa kizuri. Haikupita nusu saa uso wa mume wangu ukawa mwekundu, midomo ikamwasha kana kwamba amekula pilipili, kichwa kikampiga. Tukadhani ni masala. Daktari ndiye aliyetueleza: jodari, nguru, vibua na jamaa zao wakikaa kwenye joto, vijidudu vinatengeneza kitu kinachoitwa histamini ndani ya nyama, na kitu hicho hakiondoki kwa moto, hata umkaange mpaka awe kuni. Tangu siku hiyo, samaki wa ukoo huo simnunui jioni kama simwoni juu ya barafu. Changu na tafi hawana sana balaa hilo, kwa hiyo kwa safari zako za jioni umechagua vizuri bila kujua. Ukila samaki midomo ikaanza kuwasha hivyo, acha papo hapo, na pumzi ikibana kimbia hospitali.

Haya, tuje kwenye moto. Kikaango chako cha aluminiamu ni chembamba. Kinapata moto haraka na kuupoteza haraka, na chini ya samaki kina sehemu ya moto mkali na sehemu ya baridi. Siku ukipata pesa nunua chuma kizito, hata cha mtumba. Kwa sasa tumia mafuta zaidi. Watu wanaojipikia peke yao wanatia vijiko viwili vya mafuta wakidhani wanabana matumizi, kisha samaki analala moja kwa moja kwenye chuma. Unajua kwa nini mama karanga, yule muuza samaki wa kukaanga, hana shida yako? Samaki wake anaogelea kwenye karai, hagusi chini. Wewe tia mafuta yafike karibu nusu ya unene wa samaki. Yatakayobaki yachuje kwenye kitambaa, yaweke kwenye chupa, yatumie tena kwa samaki mara moja au mbili. Yakiwa meusi na mazito au yakitoa moshi mapema, yamwage.

Pasha kikaango kwanza kikiwa kitupu, dakika moja hivi, mpaka tone la maji likianguka linacheza na kukimbia. Likaushe, kisha tia mafuta. (Kama ni kile chenye utando mweusi usiogandisha, usikipashe kitupu, kinaharibika.) Kujua mafuta yamefika, chomeka ncha ya mwiko wa mti: vitone vidogo vikiuzunguka haraka na kwa furaha, yamefika. Vikitoka kimoja kimoja kwa uvivu, subiri. Mafuta yakitoa moshi umepitiliza, shusha moto.

Mshike mkia, tanguliza kichwa, mlaze ukimwelekeza mbali na wewe ili mafuta yakiruka yaende upande wa ukuta. Sukuma kikaango mara moja tu, sekunde mbili tatu za mwanzo, asogee kidogo. Baada ya hapo mikono nyuma. Nasema kweli, mikono nyuma. Sikiliza. Mwanzoni ni kelele kubwa, ni unyevu wa mwisho unatoka. Kelele ikipungua na kuwa mluzi mwembamba, ukingo wa ngozi unaanza kuwa wa dhahabu. Changu wa unene wa sentimita mbili anataka dakika nne mpaka tano upande wa kwanza, moto wa kati. Halafu tikisa kikaango. Akisogea mzima mzima, yuko tayari. Asiposogea, hajawa tayari, mpe nusu dakika nyingine, usimshurutishe. Samaki ndiye anayekwambia wakati wa kugeuzwa, na anageuzwa mara moja tu. Mwiko mmoja mpana chini yake, kijiko kingine juu, mlaze taratibu. Upande wa pili ni dakika tatu mpaka nne. Kipande cha nguru cha unene huo huo ni dakika tatu kila upande. Mnofu mwembamba, dakika mbili.

Kujua ndani ameiva, ingiza ncha ya kisu kwenye mchanjo wa katikati karibu na uti. Nyama ikiachana na mfupa bila kuvutwa na ikiwa nyeupe isiyopitisha nuru, mtoe. Ikiwa bado kama kioo na ina damu, shusha moto, mpe dakika moja zaidi. Usifunike. Kifuniko kinarudisha mvuke, na mvuke ndio tuliotoka kuufukuza. Akitoka mlaze kwenye waya au msimamishe ubavu kwenye sahani, asilale kwenye mafuta yake. Na wawili kwa wakati mmoja ndio mwisho wa kikaango chako. Wa tatu anapoza mafuta, na wote watatu wanaanza kuchemka.

Jambo moja la usalama, kwa kuwa uko peke yako. Mafuta yakishika moto zima gesi, funika kwa kifuniko au sufuria kubwa, usiguse kikaango mpaka kipoe. Maji kamwe.

Sasa hesabu ya jioni yako. Umeingia saa moja na robo. Kabla hujabadilisha nguo msuuze samaki, mfute, mchanje, mtie chumvi. Saga thomu. Kisha bandika maji ya sima, au kama umenunua chapati njiani hakuna ubaya. Kata kachumbari: nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili, dania, ndimu. Ukiwa na ukwaju, loweka donge dogo, likamue, litie chumvi na pilipili, hilo linampita ndimu kwa changu. Una jiko moja, kwa hiyo sima ianze, uifunike pembeni ibaki na moto wake, samaki awe wa mwisho. Zile dakika kumi na tano za chumvi zimeshapita nawe hujakaa bure. Mfute mara ya pili, masala kwenye michanjo, mafuta motoni. Saa moja na dakika hamsini unakula. Wali wa nazi uachie Jumapili. Ni chakula kizuri, lakini hakina heshima kwa mtu mwenye njaa na jiko moja.

Ukipata samaki aliyegandishwa, mtoe asubuhi umweke ndani ya friji, rafu ya chini, alale mpaka jioni. Ukisahau, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji umtose kwenye maji baridi, changu mmoja atalegea kwa nusu saa au zaidi kidogo. Huyu anatoa maji mengi kuliko wa kawaida, kwa hiyo kitambaa mara tatu.

Na ukimweka mbele ya feni, kama nilivyokwambia, funga dirisha kwanza. Paka wa mitaa yetu hawahitaji kuambiwa kwamba kuna changu aliyepawa magamba, akatiwa chumvi, akakaushwa vizuri.